Kupima umbali kwa ukungu wa picha

Chukua kamera yenye lenzi ya milimita 50, fungua tundu la kupitishia mwanga hadi f/2 (upana wa milimita 25), weka fokasi, yaani umbali ambao vitu hutoka safi, mita 2. Kikombe kilicho mita 3 kitatoka na ukungu: kila nukta yake inatawanyika kwenye sensa (kibati kinachonasa mwanga) na kuwa kiduara chenye kipenyo cha milimita 0.21 hivi. Sasa kisogeze kikombe hadi mita 1.5. Kiduara ni kile kile, 0.21. Ukipewa picha hiyo moja tu, huwezi kujua kikombe kiko mbele ya fokasi au nyuma yake. Wanaoniambia "si unapima tu ukungu, unajua umbali" hukwama hapa.

Dawa ni picha ya pili. Usiguse kitu, peleka fokasi mita 2.5. Kikombe cha mita 3 kinaanza kutakata, kiduara kinashuka hadi milimita 0.085. Kile cha mita 1.5 kinazidi kuharibika, kinafika 0.34. Utata umekwisha.

Picha ya pili ina faida nyingine, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Kompyuta haijui kikombe kinafananaje kikiwa safi. Ukingo uliofifia unaweza kuwa ni ukungu wa lenzi, au ni kivuli tu, ambacho hata kwa macho hakina mstari mkali. Lakini picha zote mbili ni za kikombe hicho hicho. Ukizigawanya moja kwa nyingine (si pikseli kwa pikseli, bali kwa mawimbi yanayounda picha, yaani jinsi mwanga na giza vinavyopishana, kwa upana au kwa wembamba), sura ya kikombe inajifuta juu na chini kama kigawo cha pamoja kwenye sehemu. Kinachobaki ni tofauti ya ukungu, na humo umo umbali.

Mtafiti wa kompyuta Alex Pentland alilieleza wazo hili mwaka 1987, ila yeye alibadilisha tundu, si fokasi. Tundu lina raha yake, kwa kuwa ukisogeza fokasi vitu huvimba au kusinyaa kidogo na inabidi uzioanishe picha kwanza. Lakini ule utata wa mbele na nyuma haliuondoi: kwa f/8, tundu dogo zaidi, vikombe vyote viwili vinatoa 0.053. Basi unahakikisha kila kitu kiko upande mmoja wa fokasi.

Jaribio langu la kwanza nililifanya mbele ya ukuta uliotoka kupakwa rangi nyeupe. Programu ilitoa upuuzi mtupu, kipande kimoja cha ukuta mita 1, jirani yake mita 9. Ukuta mtupu ukiutia ukungu unabaki ukuta mtupu, hakuna cha kulinganisha. Nikatundika kanga. Kwa maua yake, vidoti vyake na herufi za jina lake, ramani ya umbali ikatulia.

Na simu je? Lenzi ya milimita 4.5, tundu la milimita 2.5, fokasi mita 2, kikombe mita 3: kiduara ni milimita 0.002, yaani pikseli moja au mbili. Ukungu huo hautoshi. Ndiyo maana simu ya Google Pixel 2 ya mwaka 2017 ilitumia pikseli zilizogawanywa, kila nusu ikitazama kupitia upande wake wa lenzi, kama macho mawili. Kwa karibu hesabu hubadilika: fokasi sentimita 10, kitu sentimita 15, unapata 0.04, ukungu wa kutosha kabisa.

Buibui mrukaji, yule mdogo anayewinda nzi ukutani, anaishi kwenye umbali huo wa karibu. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba retina (utando unaonasa mwanga) ya macho yake makuu ina tabaka nne, na mbili kati ya hizo hunasa mwanga wa kijani: moja hupata picha safi, nyingine daima hupata yenye ukungu. Picha mbili kwa mara moja, bila kusogeza chochote. Walipomwashia taa nyekundu, ambayo lenzi huikusanya nyuma zaidi, ukungu ukaongezeka, windo likaonekana liko karibu kuliko lilivyo. Akaruka, akaishia njiani.