"Anadeka tu": tunavyokosea kuhusu sonona baada ya kiharusi

Baba alivyoruhusiwa hospitali baada ya kiharusi nyumba ilijaa wageni, wiki ya tatu tumebaki wa nyumbani tu, na hapo ndo akaanza kugeukia ukutani. Chai inapoa, mtu wa mazoezi akija anafumba macho kama amelala. Tukasema anadeka. Tulikosea, ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, na kosa letu lilimchelewesha karibu miezi 4.

"Kapona, ashukuru Mungu, huzuni ya nini?" Hili ndo kosa kubwa kuliko yote. Karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, na sio upungufu wa imani wala upepo mbaya. Ubongo wenyewe umeumia, hadi zile sehemu zinazoendesha hisia zinaweza kuguswa, halafu mtu aliyekuwa anaendesha daladala leo anafungwa vifungo vya shati na mjukuu wake, vyote hivyo vinamkuta kwa pamoja. Ikiachwa hafanyi mazoezi, asipofanya mkono unakakamaa, ukikakamaa anazidi kukata tamaa.

"Haongei, utajuaje?" Angalia usingizi, angalia sahani inavyorudi jikoni, angalia kama redio aliyokuwa haibanduki nayo sasa haitaki hata kuisikia.

"Kila akilia ana huzuni." Sio kila mara. Baba alikuwa akimuona tu mjukuu kavaa yunifomu analia kwa kwikwi, dakika moja mbele kakauka kabisa, na wapo wanaocheka msibani bila kutaka. Mara nyingi hapo ubongo umeshindwa kushika breki ya kilio na kicheko. Mwambie daktari, inatibika, na msimgombeze maana aibu anayo tayari.

Wasiwasi nao upo, anaogopa kuanguka bafuni, anaogopa kulala asije akapigwa na kiharusi tena usiku, moyo unamwenda mbio, na watu wanamwita muoga. Ila uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, usiseme ni wasiwasi, kimbiza hospitali.

"Dawa za sonona zinalevya." Wanazopewa wengi, kama sertralini na fluoksetini, hazilevyi. Shida ni kwamba zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, watu wanaacha wiki ya kwanza wanasema hazisaidii, na ukishazitumia kwa muda usiache ghafla bila daktari. Beba dawa zake zote umuonyeshe daktari, hasa za kuzuia damu kuganda, maana zikichanganywa anaweza kutoka damu kirahisi. Na ushauri nasaha unasaidia pia, hata kwa anayeongea kwa shida.

"Ukimuuliza kuhusu kufa unampa wazo." Hapana jamani, muulizeni. Mimi nilimuuliza baba jioni moja, "Baba, huwa unawaza bora ufe?" Akakaa kimya muda mrefu, akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akashika kiganja changu na kutikisa kichwa kukubali. Usiku ule ule tukampeleka hospitali.