Pulpotomi si kuua mshipa

Wiki hii nimeisikia kauli ya “kuua mshipa” mara tatu hapa kliniki ya meno, Nakuru. Ya mwisho ilitoka kwa mama mwenye mtoto wa miaka mitano, gego la chini limetoboka. (Meno ya kahawia ya floraidi tumeyazoea huku, lakini hili lilikuwa shimo jeusi la kuoza.) “Daktari, nimeambiwa leo mnaua mshipa.” Kwenye kadi pameandikwa pulpotomi. Wengine husema “ruti kanali ya watoto” (root canal, yaani kusafisha na kujaza mizizi ya jino), na hiyo nayo siyo.

Kwa ufupi: ndani ya jino mna nyama laini yenye damu na neva, yaani kiini, ndicho watu wanachokiita mshipa. Uozo ukifika kwenye kiini cha juu tu, tunakata hicho cha juu na kuacha cha mizizini kikiwa hai. Hiyo ni pulpotomi. Kikiwa kimeugua au kimeshakufa hadi mizizini, kinatolewa chote, na hiyo ni pulpektomi.

Tofauti ni vijisilabi tu, lakini ndivyo vinavyoninyima raha. Pulpa ni Kilatini, nyama. Tom ni Kigiriki, kukata. Humo ndimo lilimotoka neno atomi, kitu kisichokatika. Ek ni nje. Kwa hiyo moja ni kukata, nyingine ni kukata na kutoa nje, kama anavyotolewa mtu apendiksi. Neno “kuua” halimo katika lolote kati ya hayo mawili.

Hata hivyo huyo mama hakulitunga. Kwa miaka mingi dawa ya kazi hii ilikuwa fomokresoli, mchanganyiko wa daktari wa meno Buckley wa mwaka 1904, wenye fomaldehaidi. Fomaldehaidi ndiyo ya fomalini ya mochari, na kwenye jino ilifanya kazi ileile: kuigandisha nyama isioze. Hapo “kuua” hakukuwa mbali na ukweli. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja fomaldehaidi kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, na ingawa tone la kwenye jino ni dogo, wengi walianza kuiacha.

Siku hizi tunapendelea MTA (mineral trioxide aggregate), unga wa kufunikia kiini kilichobaki, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, miaka ya 1990. Usicheke: ni ndugu wa simiti ya Portland, imeongezwa madini ya bismathi ionekane kwenye eksirei. Kama simiti, hushika penye unyevu, na nyama hai huvumilia kukaa nayo. Biodentine ni ya ukoo huohuo, ila hushika kwa takriban dakika 12 badala ya saa kadhaa. Bei zake ndizo huwafanya wazazi wanyamaze kidogo. Dawa ya kalsiamu haidroksaidi ni ya bei nafuu, lakini ikiwekwa juu ya kiini cha jino la utotoni, mara nyingi jino huanza kujila lenyewe kwa ndani.

Kwenye pulpektomi hesabu hugeuka. Hakuna nyama ya kubembeleza. Kinachotakiwa ni kitu kitakachoyeyuka pamoja na mizizi jino la ukubwani likisukuma kutoka chini, kwa mfano zinki oksaidi na yujinoli (ya mafuta ya karafuu), au mchanganyiko wa kalsiamu haidroksaidi na iodofomu (dawa yenye iodini). Gutta-percha, utomvu mgumu wa kujazia mizizi ya meno ya watu wazima, haiyeyuki, kwa hiyo haifai hapo.

Ndiyo maana mzazi akiniuliza “dawa gani nzuri?” kabla hatujakata, sina jibu. Tukishakata tunabonyeza kidonge cha pamba yenye maji, tunasubiri dakika chache. Damu ikikoma, kilichobaki ni kizima. Ikiendelea kuchuruzika, jina kwenye kadi linabadilika kuwa pulpektomi.

Kwa yule mtoto ilikoma. Tukaweka simiti, tukafunika kwa kofia ya chuma. Mama akauliza, “Sasa umekufa?” Hapana, mama. Tumekata juu. Chini tumeuacha hai.