Dalali wa mahakama ni nani, na akibisha hodi kwako ufanyeje

Neno dalali mtaani tunalijua kwa sura ya upole zaidi. Ni yule kaka wa pikipiki anayekuzungusha Mbagala na Chamazi kukuonyesha vyumba, anadai hela ya kuonyeshwa kabla hujaona hata choo, na ukipata chumba anadai kodi ya mwezi mzima. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuonyesha njia. Dalali wa mahakama ana kazi tofauti kabisa: mahakama humtuma kukamata mali ya mtu aliyeshindwa kesi ya madai, kisha aiuze kwa mnada ili aliyeshinda apate chake.

Wanasheria huiita kazi hiyo kukaza hukumu. Hukumu ikitoka, pesa haiji yenyewe. Aliyeshinda kesi hurudi mahakamani kuomba hukumu ikazwe, mahakama ikikubali hutoa hati ya kukamata mali, na hati hiyo hukabidhiwa dalali. Tanzania Bara madalali hawa wana kanuni zao za mwaka 2017: lazima wateuliwe, na lazima wawe na cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto. Kwa hiyo si kila mwenye misuli na gari aina ya kirikuu ni dalali wa mahakama, hata akijiita hivyo.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona nyumba moja ikitembelewa mara mbili, na watu wa aina mbili. Ilikuwa nyumba ya jirani yangu, mama fundi cherehani. Alikopa kwenye kikundi, marejesho ya kila wiki yakamshinda, akakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, ili alipe ya kikundi. Mnaojua mikopo hiyo hamhitaji kuelezwa zaidi. Saa moja usiku wakaja vijana wanne, wakaanza kunyanyua televisheni. Kwa bahati mwenyekiti wa mtaa alikuwa anapita kutoka msikitini.

"Vijana, karatasi ya mahakama iko wapi?"

"Iko ofisini, mzee."

"Basi kaileteni. Televisheni ishusheni."

Wakaishusha. Wale walikuwa wakusanya madeni wa mkopeshaji, basi. Mkopeshaji anaweza kukudai, kukukumbusha, kukushitaki. Kama ulisaini fomu ya dhamana ukaorodhesha friji na makochi, mkataba unaweza kumpa haki juu ya vitu hivyo, na ndiyo maana ile fomu isomwe kabla ya kutiwa saini, siyo baada. Lakini mkataba haumgeuzi mtu kuwa ofisa wa mahakama. Akivunja mlango, akikupiga au akibeba vitu kwa nguvu, hilo ni jambo la polisi, na wala deni lako halimsafishi.

Hata hivyo deni lilibaki palepale. Hapa wengi hukosea: wakishawafukuza vijana huona mambo yamekwisha. Mkopeshaji alikwenda mahakamani, samansi, yaani wito wa mahakama, ikaja, mama akaiweka chini ya kitambaa cha meza akaisahau, au alijifanya kuisahau. Kesi ikasikilizwa upande mmoja. Miezi kadhaa baadaye, asubuhi kweupe, akaja dalali mwenyewe akiwa na hati yenye muhuri.

Huyu wa pili hafukuzwi. Anasomwa. Omba hati uisome hapo mlangoni: jina la mahakama, namba ya kesi, majina ya mdai na mdaiwa, kiasi kinachodaiwa. Omba na kitambulisho chake. Piga picha vyote viwili. Jina likiwa la mtu mwingine, au kiasi kikiwa hakifanani na hukumu, nenda kwa karani wa mahakama iliyotajwa siku hiyohiyo. Kama huna hakika, mwite mjumbe au mwenyekiti asimame pembeni. Dalali halisi haogopi shahidi.

Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inamwekea mipaka. Haruhusiwi kuingia nyumba ya kuishi kukamata vitu baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza. Mlango wa nje anaweza kuuvunja ikiwa tu anayeishi humo ni mdaiwa mwenyewe naye amegoma kumfungulia. Kwa maneno mengine, kujifungia ndani na kuzima redio hakukusaidii, kunampa sababu tu.

Kisha kuna vitu ambavyo havikamatwi. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mke na watoto wake. Mapambo ambayo mwanamke, kwa desturi ya dini yake, hawezi kuachana nayo. Zana za fundi, pamoja na jembe, mbegu na mifugo ambayo mahakama itaona mkulima hawezi kuishi bila hiyo. Nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake nayo imo katika kinga, ila kama uliiweka rehani mwenyewe benki, usiitegemee kinga hiyo. Mahakama za Mwanzo, ambako madeni mengi madogo huishia, zina kanuni zake, kwa hiyo kama kesi yako ilikuwa huko muulize karani.

Televisheni, friji, kabati la vyombo, makochi: hivyo vinabebeka. Sipendi kumwambia mtu hivi lakini ndivyo ilivyo. Orodha ikiandikwa, hakikisha kila kitu kimetajwa kwa jina na hali yake, maana televisheni iliyotoka nzima inaweza kuuzwa kwa bei ya mbovu. Omba nakala yako.

Sasa pesa. Ukipata hela katikati ya purukushani, mkono hukimbilia kumpa yeyote aliyesimama mbele yako. Usifanye hivyo bila karatasi. Malipo ya hukumu hupelekwa mahakamani, au kwa mdai mwenyewe, au kama mahakama ilivyoelekeza. Ukimlipa mdai nje ya mahakama na malipo hayo yasiripotiwe na kuingizwa kwenye jalada, mahakama inayokaza hukumu haitayatambua. Kuna watu wamelipa nusu ya deni kwa simu, kwa kuaminiana, kisha wakadaiwa lote upya. Mdaiwa mwenyewe ana haki ya kwenda kuomba malipo yake yaandikwe. Asimngojee mdai.

Na mnada husimamishwa hata dakika za mwisho: ukileta deni lote pamoja na gharama kabla kitu hakijapigwa nyundo, kinabaki chako. Gharama hizo, ikiwemo usafiri na mahali pa kutunzia, huongezwa juu ya deni, kwa hiyo kila siku ya kukaa kimya ina bei yake. Kama huna lote, unaweza kuomba mahakama ikuruhusu kulipa kwa awamu, mdai akiafiki. Mimi ningeanza na ombi hilo siku samansi inapofika, kabla ya hati. Mdai mwenye akili timamu huona afadhali elfu hamsini kila mwezi kuliko kabati kuukuu mnadani.

Kuhusu kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni la hukumu, kipo, na wadai hupenda kukitaja. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mdai ndiye anayelipia matunzo ya mdaiwa akiwa ndani, na kwamba kifungo hakifuti deni.

Kwa wasomaji wa Kenya utaratibu una hatua iliyo wazi zaidi. Chini ya kanuni za madalali za mwaka 1997, dalali mwenye amri ya mahakama huja kwanza kuorodhesha vitu, thamani na hali ya kila kimoja, kisha hukupa siku 7 za kukomboa mali yako. Akitaka kubeba siku hiyohiyo ya kwanza, muulize siku zako 7 zimeenda wapi.

Tukirudi kwa jirani yangu: cherehani zake mbili ziliachwa, baada ya mabishano, kwa kuwa ni zana za fundi. Televisheni na kabati vilikwenda. Friji nayo ilibebwa, ingawa ilikuwa ya mdogo wake aliyeiacha pale alipohamia Morogoro. Mali ya mtu mwingine ikikamatwa kwa deni lisilo lake, mwenyewe hupeleka pingamizi mahakamani akionyesha uthibitisho kwamba ni yake. Mdogo mtu alikuwa na risiti yenye jina lake, imekunjwa ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto. Friji ilirudi kwa guta, na nauli ya guta wakailipa wenyewe.