Beberu, mvua ya dakika 17 na mtakwimu aliyechelewa kazini

Alhamisi ya tarehe 3 Novemba 2016 nilichelewa kazini, na mkuu wangu nikamwambia ni foleni. Foleni ilisingiziwa. Ukweli ni kwamba niliamka saa tisa usiku, nikachomeka simu kwenye chaja, nikaweka kisikilizio sikio moja ili nisimwamshe mama watoto, nikaanza kusikiliza mechi ya saba ya fainali ya besiboli ya Marekani: Chicago Cubs ugenini kwa Cleveland. Nilijua saa kumi na mbili nitakuwa bafuni. Ilipokwisha ilikuwa inakaribia saa mbili asubuhi, na chai ilishapoa.

Kazi yangu ni takwimu. Watu wakisikia hivyo wanadhani naupenda mchezo huu kwa ajili ya namba, maana hakuna mchezo unaohesabiwa kama besiboli. Ni kweli nilianzia huko: data zake ni nyingi na safi, nilikuwa nazitumia kufundishia. Lakini namba haziwezi kumtoa mtu kitandani saa tisa usiku. Kinachonitoa mimi ni visa.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo lake (la mbao, lile jingine halihusiki hapa), akiupiga vizuri anakimbia vituo, na akivimaliza vyote vinne timu inapata pointi. Kila timu inapiga zamu tisa, na zikilingana zamu zinaongezwa mpaka apatikane mshindi. Hakuna dakika 90. Kati ya mrusho mmoja na mwingine mpira unarudishwa, mrushaji anapangusa jasho, mpigaji anarekebisha glavu, na mtangazaji wa redio ana nafasi ya kukuambia babu yake mpigaji alikuwa nani. Tangu 2023 mrushaji amewekewa saa, sekunde 15 tu kama vituo ni vitupu. Wengi wameshangilia. Mimi nimenuna, kwa sababu babu wa watu sasa anakatishwa katikati.

Halafu kuna urefu wa msimu. Ligi Kuu yetu timu inacheza mechi 30. Kule kila timu inacheza 162 kwa miezi sita, karibu kila siku. Cubs wa 2016 ndio waliokuwa bora kuliko wote, wakashinda 103, na bado walifungwa mara 58. Hebu fikiria Simba ikifungwa mara 58 kisha mashabiki wake waseme mwaka ulikuwa mzuri! Mechi moja kule haina uzito wa kumnyima mtu usingizi. Kwa hiyo shabiki anashika kitu kingine: huyu ametoka majeruhi, yule ananunua nyumba, wale wawili hawasalimiani. Ni kama kuishi na majirani.

Sasa beberu. Cubs walichukua ubingwa 1908, wakakaa bila kuupata tena. Tarehe 6 Oktoba 1945, wakiwa fainali dhidi ya Detroit, mwenye baa mmoja aitwaye William Sianis, mhamiaji wa Kigiriki, alifika uwanja wa Wrigley Field na tiketi mbili, moja yake na moja ya beberu wake, Murphy. Wakatimuliwa kwa sababu ya harufu. Wengine wanasimulia kwamba aliishia getini, wengine kwamba alishakaa ndiyo akatolewa; kisa kizuri siku zote kina matoleo mawili. Inasemekana Sianis aliapa Cubs hawatashinda tena. Wakafungwa fainali ile, na hawakuonekana katika fainali nyingine kwa miaka 71. Msomaji aliyekulia kwenye soka letu, na habari zake za kamati ya ufundi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Nilikaa nikapiga hesabu. Tuseme bingwa wa kila mwaka angepatikana kwa kura ya haki, kila timu na karatasi moja chunguni: timu 16 mpaka 1960, kisha zinaongezeka kidogo kidogo hadi 30. Uwezekano wa timu moja uliyoitaja mapema kukosa kombe kuanzia 1909 hadi 2015 ni kama 4 kwa 1,000. Ni mdogo sana. Lakini ukiuliza yoyote kati ya zile 16 ipatwe na balaa hilo, unapanda hadi kama 6 kwa 100, na hapo beberu anaanza kukosa kazi. Ongeza miaka mingi ya uongozi mbovu, na unaweza kumrudisha zizini kabisa.

Haya. Ila Sianis alifariki tarehe 22 Oktoba 1970, na Cubs walifuzu kuingia fainali tarehe 22 Oktoba 2016. Mpira wa besiboli una mishono 108 ya nyuzi mbilimbili, na kutoka 1908 hadi 2016 ni miaka 108. Najua, najua: ukichambua tarehe na namba za kutosha, mbili lazima zigongane. Nawafundisha wanafunzi hivyo hivyo. Niliposikia ile ya tarehe 22 vinyweleo vilinisimama.

Aliyenishika zaidi mwaka ule hakuwa beberu. Ni Kyle Schwarber. Aliumia goti mwezi Aprili, mechi ya tatu tu ya msimu, alipogongana na mwenzake wakifukuzia mpira mmoja, na ikaonekana mwaka wake umekwisha. Oktoba akarudi moja kwa moja kwenye fainali. Madaktari hawakumruhusu kucheza ulinzi, aruhusiwe kupiga tu, naye akapiga mara 7 katika nafasi 17. Sampuli ya 17 haithibitishi chochote, na bado nilikuwa namshangilia kimyakimya gizani.

Mechi ya saba, zamu ya nane, Cubs wanaongoza 6 kwa 3, wamebakiza mtu mmoja wa kumtoa ili zamu ile ya Cleveland iishe. Mrushaji wao Aroldis Chapman, ambaye mpira wake huvuka kilomita 160 kwa saa, alikuwa ameshatumiwa kupita kiasi siku zilizotangulia. Cleveland wakapata moja. Akaja Rajai Davis, ambaye si mpigaji wa kutisha, akashika gongo lake juu kabisa kwenye mpini kama mtu anayetwanga kwa mchi mzito, akauvusha mpira uzio. 6 kwa 6. Mimi jikoni nimesimama na kijiko mkononi. Na tusiwasahau Cleveland: wao walikuwa wanangoja tangu 1948.

Zamu tisa zikaisha bila mshindi, mvua ikanyesha. Dakika 17. Jason Heyward wa Cubs, mwenye mkataba wa dola milioni 184 na msimu mbaya kuliko yote aliyowahi kucheza, akawaita wenzake kwenye chumba cha mazoezi cha uwanjani akawakumbusha wao ni kina nani. Mvua ilipokatika, wa kwanza kupiga alikuwa Schwarber, na akafika kituo. Ben Zobrist akapiga lile lililoleta pointi ya saba, ikaongezwa ya nane. Cleveland walirudisha moja tu. Mpira wa mwisho ukamwendea Kris Bryant, akateleza kwenye majani yenye maji huku anacheka, akaurusha hivyo hivyo. Anthony Rizzo akaudaka, akautia mfuko wa nyuma wa suruali.

Huko Chicago, watu walikuwa wakienda na chaki kwenye kuta za Wrigley Field wakiandika majina ya baba, bibi na wajomba waliokufa wakingoja. Kuta zikajaa, wakapanda mabegani kuandika juu zaidi.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili 2017, mabingwa hao walikuwa Pittsburgh. Katikati ya mechi wenyeji wakamwingiza kijana wa Afrika Kusini, Gift Ngoepe, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza ligi ile. Alikulia ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, mama yake alikofanya kazi. Mama alifariki 2013. Mrushaji wa Cubs alikuwa Jon Lester, bingwa wa siku nyingi. Zamu ya kwanza ya Ngoepe kushika gongo katika ligi ile, mpira wake ukapita katikati, akafika kituo cha kwanza. Katika daftari langu la mechi ile ni kistari kimoja cha kalamu. Ile sauti ya mtangazaji nimeirudia mpaka nimeikariri.