Nini kinachobeba joto ndani ya sumaku ya kwanta?

Kazi yangu ni kupima jinsi joto linavyopita ndani ya fuwele za sumaku zisizopitisha umeme, katika baridi iliyo chini ya kelvini 1, yaani chini ya nyuzi moja juu ya sifuri kamili, baridi kuliko zote. Fuwele iliyo ndogo kuliko punje ya mchele hushikizwa ncha moja kwenye shaba baridi, ncha ya pili hupashwa moto kidogo sana, kisha vipimajoto viwili, vilivyoshikizwa kwa nyuzi za dhahabu, husoma tofauti ya halijoto kati ya sehemu mbili za katikati. Kipimo hicho hutuambia joto kiasi gani limepita, lakini hakituambii limebebwa na nini.

Mbebaji wa kawaida ni mitikisiko ya atomi, yaani fononi, ambayo mchango wake hupungua takriban kwa kipeo cha tatu cha halijoto. Mwaka 1973, mwanafizikia Philip Anderson alipendekeza kwamba spini, yaani sumaku ndogo mno za elektroni, zilizokaa kwenye pembetatu, ambako spini zote tatu haziwezi kuelekea kinyume cha jirani zake wote kwa pamoja, zaweza kubaki bila mpangilio hata kwenye sifuri kamili. Hali hiyo tunaiita kimiminika cha spini, na katika baadhi ya aina zake misisimko iitwayo spinoni inatarajiwa kubeba joto kama elektroni zinavyolibeba ndani ya metali, kwa kiasi kinacholingana moja kwa moja na halijoto. Kwa hiyo tunagawanya upitishaji joto kwa halijoto na kuufuata mchoro hadi sifuri. Fononi zikiwa zimetoweka, kinachosalia hapo ndicho tunachokitafuta.

Mwaka 2010, watafiti wa Kyoto nchini Japani walitangaza masalio makubwa, takriban wati 0.2 kwa mita kwa kelvini mraba, katika chumvi ya kikaboni yenye palladi iitwayo kwa kifupi dmit. Kwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kiasi hicho kilikuwa cha kushangaza. Mwaka 2019, kikundi cha Sherbrooke nchini Kanada na kingine cha Shanghai walipima chumvi ileile, na kila kimoja hakikuona masalio yoyote.

Mimi nayachukulia kwa uzito majibu yote mawili. Spinoni hazipashwi moto moja kwa moja: joto huingia kupitia fononi, na iwapo fononi na spini haziachiani nishati ipasavyo, spinoni zaweza kuwapo bila kuonekana. Isitoshe, mchango wa fononi haufuati kipeo cha tatu sawasawa pale uso wa fuwele unapoziakisi kama kioo, na hapo mstari uliochorwa kwa haraka huishia pasipo pake. Kundi la Kyoto baadaye lilionyesha kwamba fuwele zilizopozwa polepole sana zilipitisha joto zaidi kuliko zilizopozwa haraka. Kwa sababu hiyo, katika daftari langu kasi ya kupoza huandikwa mstari wa kwanza, kabla ya halijoto yenyewe.