Tovuti kwenye vivinjari vya zamani: dhana potofu na ukweli

Watengenezaji wengi wa tovuti hufanya kazi kwenye laptopu yenye Chrome iliyosasishwa juzi tu, na wateja wao hufungua tovuti hizo kwenye simu ambazo zimepita mikono miwili mitatu. Hapo ndipo malalamiko yanapoanzia: kitufe cha kulipia hakibonyezeki, picha hazionekani, ukurasa ni mweupe pe. Mwenye simu hakuchagua kubaki nyuma, na tovuti inayomfungia mlango inamnyima huduma. Ndiyo maana dhana zifuatazo zinanikera kila ninapozisikia.

“Internet Explorer imeshakufa, vivinjari vya zamani si tatizo tena”

Ni kweli kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Internet Explorer 11 kwenye Windows 10 za kawaida tarehe 15 Juni 2022. Lakini chukua iPhone 6 ya mwaka 2014. iOS yake iliishia toleo la 12, na Safari haisasishwi peke yake, huja na iOS. Kwa hiyo mwenye simu hiyo anatumia Safari 12, iliyotoka mwaka 2018, apende asipende. Ukimwambia apakue Chrome hujamsaidia, maana Chrome ya kwenye iPhone hiyo inatumia injini (sehemu ya ndani inayosoma msimbo na kuuchora ukurasa) ileile ya Safari.

“Simu ikiwa kuukuu, na kivinjari chake ni kikuukuu”

Si lazima. Kwenye Android, Chrome husasishwa kupitia Play Store bila kuusubiri mfumo wa simu. Android 6 ilitoka 2015, lakini iliendelea kupata Chrome mpaka toleo la 106 la mwaka 2022. Maana yake, simu ya bei rahisi yenye Android 6 inaweza kuwa na kivinjari kipya kwa miaka kadhaa kuliko kile cha iPhone 6. Mteja akilalamika, usiishie kumuuliza simu ni ya mwaka gani. Muulize anatumia kivinjari gani, toleo la ngapi.

Halafu kuna vitochi vyenye intaneti. Smart Kitochi iliyoletwa na Vodacom Tanzania inatumia KaiOS, mfumo wa simu za vitufe, na KaiOS 2.5 imejengwa juu ya injini ya Firefox 48, ya mwaka 2016.

“Nimechagua iPhone kwenye zana za Chrome, nimeshajaribu”

Hii ndiyo dhana inayodanganya watu wengi zaidi. Zana hizo za watengenezaji, zilizomo ndani ya Chrome, hubadilisha upana wa skrini, huigiza mguso wa kidole, na hubadilisha jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo kwa seva. Injini inabaki ileile ya Chrome yako mpya. Umejaribu upana, hujajaribu kivinjari.

Tazama mfano. Una vitufe vitatu vimepangwa mstari mmoja kwa `display: flex` ya CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa) na kutenganishwa kwa `gap: 16px`. Safari ilianza kuelewa `gap` ndani ya flex katika toleo la 14.1, mwaka 2021. Kwenye iPhone 6 vitufe hivyo vitagandana. Havipendezi, lakini vinafanya kazi, kwa sababu kivinjari kikikutana na CSS kisiyoielewa huiruka na kuendelea. Na usidhani `@supports (gap: 16px)`, agizo la kukiuliza kivinjari kama kinaielewa `gap`, itakuokoa: Safari 12 inaijua `gap` ya grid (mpangilio wa safu na nguzo), kwa hiyo itajibu “ndiyo” huku ya flex haipo. Tumia `margin`, yaishe.

JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, haina huruma hiyo. Andika sarufi mpya kama `mteja?.jina` mahali pamoja tu, na Safari ya kabla ya 13.1 italikataa faili zima. Faili zima, si mstari huo peke yake. Menyu haifunguki, fomu haitumwi, na kama ukurasa wote unachorwa na JavaScript, mteja anaona weupe mtupu. Zana za Chrome hazitakuonyesha hitilafu hii hata siku moja.

Injini halisi ndiyo inayosema kweli. BrowserStack na huduma za aina hiyo hukuruhusu kuendesha simu halisi ukiwa mbali, na simu moja iliyotumika ya aina waliyonayo wateja wako, ikikaa mezani, ni bora kuliko kubahatisha.

“Babel inamaliza kila kitu”

Babel ni programu inayoandika upya sarufi mpya ya JavaScript iwe ya zamani. Haileti yenyewe kitendaji ambacho kivinjari hakina. `replaceAll`, kitendaji cha kubadilisha neno kila linapotokea, kwa mfano, haimo kwenye Safari 12, na lazima uongeze msimbo wa kujazia pengo. Msimbo huo uweke kwenye seva yako mwenyewe. Mwaka 2024 anwani ya cdn.polyfill.io, iliyotegemewa na tovuti zaidi ya 100,000, iliingia mikononi mwa mmiliki mpya na ikaanza kusambaza msimbo hasidi.

“Lazima ionekane sawasawa kila mahali”

Hapana. Mtu asome, ajaze fomu, alipe. Kivuli cha kitufe kikikosekana, hakuna aliyeumia.

“Ukurasa usipofunguka kabisa, kosa liko kwenye msimbo wangu”

Wakati mwingine msimbo wako haujafikiwa hata kidogo. Tovuti nyingi hutumia vyeti vya usalama vya bure vya Let's Encrypt, na Android za kabla ya 7.1.1 hazikitambui cheti chake cha mzizi (kile kinachothibitisha vingine vyote), ISRG Root X1. Mpango wa muda uliozibeba simu hizo uliisha Septemba 2024. Ile simu ya Android 6 yenye Chrome 106 inaweza kuielewa CSS yako yote na bado ikamwonyesha mteja onyo la usalama badala ya duka lako. Firefox hubeba orodha yake ya vyeti. Kwa hiyo fungua tovuti kwenye simu hiyohiyo kwa vivinjari vyote viwili: Firefox ikifungua na Chrome ikagoma, acha kuhangaika na CSS, mtafute anayekuuzia hosti mzungumze kuhusu cheti.