Kutathmini mradi wa mikoko Pemba wakati bado unaweza kurekebishwa

Mradi wa miaka 3 wa kurejesha mikoko ufanyiwe tathmini ya kipindi cha kati baina ya mwezi wa 16 na wa 20. Kabla ya hapo miche haijapigwa na kusi nzima na kaskazi nzima, na mche ambao haujapitia pepo zote mbili hauthibitishi kitu. Ukichelewa zaidi, bajeti ya mwaka wa mwisho imeshagawiwa, na mapendekezo yako yatasomwa na watu wasio na fedha ya kuyatekeleza. Kazi ya tathmini hii ni kubadilisha kilichobaki, na kila swali unaloliuliza lipimwe kwa hilo.

Anza na hadidu za rejea, yaani hati inayoeleza tathmini ijibu nini. Mara nyingi huja na maswali 25 au zaidi kwa kazi ya wiki chache. Kaa na meneja wa mradi, muyapunguze yafike 6 hadi 8. Mbele ya kila swali andikeni uamuzi utakaotegemea jibu lake na nani atakayeuamua. Swali lisilo na uamuzi nyuma yake liondoke. Vigezo vya kupimia miradi vya kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), ambavyo tangu 2019 ni 6, havihitaji kupewa uzito sawa katikati ya mradi. Athari za muda mrefu haziwezi kuonekana kwenye mche wa mwaka mmoja, kwa hiyo ripoti inayotenga sura nzima ya athari katika hatua hii inajaza karatasi tu. Siku ambazo zingeliwa na sura hiyo zipeleke kwenye ufanisi na uendelevu.

Ratiba ya Pemba inapangwa na mwezi wa angani. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu maji huwa ya bamvua, na tofauti baina ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu, tofauti hiyo huwa ndogo. Kwenye bamvua maji hupwa sana asubuhi, kwenye saa 4 au saa 5, na hapo ndipo mnapoweza kufika ukingo wa chini wa eneo lililopandwa. Mkienda maji mafu mtahesabu upande wa nchi kavu peke yake, ambako ndiko miche hustawi, na hesabu yenu itakuwa nzuri kuliko ukweli.

Lakini bamvua hiyohiyo ndiyo inayowapeleka kinamama kwenye mwani. Ukipanga mahojiano ya kaya siku za bamvua utawakuta wanaume na watoto, kisha utaandika kwamba wanawake hawakujitokeza. Basi gawa kazi: bamvua kwa kuhesabu miche, maji mafu kwa mahojiano. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa hiyo watafute mwezi unapokuwa mpevu. Epuka Ramadhani, na epuka kilele cha mavuno ya karafuu, kwa sababu kaya nyingi huwa mashambani tangu alfajiri na jioni zinachambua.

Sasa miche yenyewe. Taarifa za robo mwaka zitakwambia imepandwa miche 60,000. Kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, hekta moja huchukua miche 10,000, kwa hiyo unatarajia hekta 6. Usiipokee hekta 6 iliyoandikwa. Zunguka mpaka wa eneo kwa miguu ukiwa na simu yenye GPS. Ukipata hekta 3.5, yapo maelezo mawili. Ama miche ilibanwa kuliko ilivyoagizwa, ama sehemu ya ile 60,000 ni ya kujazia mapengo ya iliyokufa, na imehesabiwa tena kama mipya. Daftari la kitalu, tarehe za kupanda na orodha za malipo ya vibarua zitakuonesha ni lipi.

Ukishapata eneo la kweli, pima asilimia 5 yake. Kama ni hekta 6 kweli, hizo ni mita za mraba 3,000, yaani ploti 30 za mita 10 kwa 10. Zipange kwenye mistari inayotoka nchi kavu kwenda baharini, mahali pa kuanzia mstari pachaguliwe kwa bahati nasibu. Usikubali kuchaguliwa ploti na wafanyakazi wa mradi wala kamati ya kijiji. Hawakusudii kudanganya, kila mtu humpeleka mgeni kwenye shamba lililo karibu na njia na lililoshika vizuri. Katika kila ploti andika vitu vinne mbalimbali: miche hai, miche iliyokufa ikiwa imesimama, mapengo, na miche iliyojiotea yenyewe. Hiyo ya mwisho isichanganywe na iliyopandwa, kwa sababu yenyewe ni habari kubwa, kama utakavyoona.

Chukua mfano wa namba. Ploti 30 zilitarajiwa kuwa na miche 3,000, mmekuta hai 1,140, yaani asilimia 38. Ukiandika hivyo na kuishia hapo, meneja atafanya jambo moja: ataagiza miche zaidi. Gawa sasa kwa ukanda. Ploti 15 za juu zina wastani wa miche 72, ploti 15 za chini zina 4. Hapo uamuzi unageuka: kule chini kuacha kupanda kabisa. Kosa hili la ukanda ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote kwenye miradi ya mikoko, na dawa yake haihitaji fedha.

Sababu zake zinajulikana. Mikoko huota nusu ya juu ya eneo la kupwa na kujaa, juu ya usawa wa wastani wa bahari. Mchanga ulio wazi chini ya hapo hufunikwa na maji saa nyingi mno kwa mche mdogo. Katika aina zote za mikoko, miradi hupanda ile iitwayo mkoko wenyewe kwa sababu mbegu yake ndefu huchomekwa moja kwa moja kwenye tope bila kitalu, na hupanda pale penye uwazi, kwa kuwa penye uwazi hapana ubishi wa ardhi. Ukanda wa nje kabisa kwa asili ni wa aina nyingine, mlilana. Mchu huvumilia chumvi na mchanga kuliko mkoko. Mkandaa hukaa ndani, upande wa nchi kavu.

Mche uliokufa usomeke kabla ya kuandikwa. Shina lililokatwa chini kwa mkato mmoja ni kazi ya kaa. Viumbe vidogo vya magamba vilivyoganda mpaka kwenye majani vinaonesha mche unakaa majini muda mrefu kupita kiasi. Shina lililozikwa nusu ni mchanga unaohama. Mchu usio na majani na wenye nyayo pembeni ni mbuzi au ng'ombe. Ardhi ngumu yenye ukoko mweupe wa chumvi, hasa nyuma ya barabara au tuta la shamba la chumvi, inamaanisha maji yamezibiwa njia. Hapo kupanda tena ni kutupa mbegu. Fungua mfereji maji yaingie na kutoka, kisha angalia ile safu ya miche iliyojiotea: penye mbegu karibu na maji yanayotembea, msitu hujipanda.

Picha za satelaiti za Sentinel-2 ni za bure na zipo tangu 2015, lakini kipande kimoja cha picha ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo mche mdogo hauonekani. Zitumie kwa msitu mkubwa uliokuwapo kabla ya mradi, hasa kama takwimu za awali hazikukusanywa, na linganisha picha zilizopigwa maji yakiwa yamepwa sawasawa.

Uendelevu upime kwa visiki. Shehia (eneo la utawala la ngazi ya chini Zanzibar) yenye mkataba wa usimamizi wa misitu ya jamii chini ya Sheria ya Misitu ya Zanzibar Namba 10 ya 1996 inatakiwa kuwa na sheria ndogo na kamati. Omba daftari la doria na daftari la faini. Je, kuna faini iliyowahi kulipwa, na fedha yake iliingia wapi? Halafu hesabu visiki vibichi na vikavu, hapo na kwenye shehia ya jirani isiyo na mradi. Ukataji ukikoma hapa na kuongezeka pale, watu bado wanahitaji kuni na boriti zilezile, na mradi umehamisha shoka tu. Swali hili wengi hulikwepa kwa sababu shehia ya jirani haimo kwenye bajeti. Litengee siku mbili.

Kwenye kaya, kama mradi unahudumia kaya 1,200 na unakubali kosa la asilimia 5, fomula ya kawaida inakupa kaya 300. Kwa kuwa utachukua sampuli kwa shehia, na kaya za shehia moja hufanana, zidisha kwa 1.5, zifike 450. Wadodosaji 6 kwa kaya 8 kila mmoja kwa siku watamaliza kwa siku 10. Orodha ya kaya itatoka kwa Sheha, kiongozi wa shehia. Ihakiki, kwani mwanamke aliyeachika na kurudi kwa wazee wake na watoto mara nyingi hamo kama kaya. Sheha apewe taarifa na heshima yake mapema, baada ya wilaya, ila asikae kwenye mahojiano. Wanawake wahojiwe na wanawake, na mdodosaji asitoke kwenye kamati ya mradi.

Fedha zilinganishwe na kilicho hai. Shilingi milioni 30 kwa miche 60,000 ni shilingi 500 kila mmoja. Ikiwa hai ni asilimia 38, mche hai mmoja umegharimu takriban shilingi 1,316. Namba hiyo huamsha kikao kuliko kurasa 10 za maelezo.

Kabla ripoti haijaandikwa, rudi kwenye kila shehia na ramani kubwa ya karatasi yenye ploti zilizotiwa rangi. Wazee na wavuvi watakwambia mkondo ulipohama na mwaka gani, na mara nyingi watakusahihisha. Mapendekezo yasizidi 8, kila moja na mhusika, mwezi na gharama. Pembe za ploti ziachiwe vigingi, na namba zake za GPS ziambatanishwe, ili tathmini ya mwisho ihesabu ploti zilezile.